Kubaki, Cairo, Saudia au Ulaya: utafiti wa Kiarabu kwa anayeanzia Dodoma

Barabara inayotoka Dodoma mjini kwenda Kondoa na Babati ni kipande cha ile njia kuu iliyochorwa zamani kutoka Cape Town hadi Cairo. Wanafunzi wangu wa Kiarabu nilizoea kuwatania: anayeitaka Azhar, chuo kikongwe cha Kiislamu cha Cairo, asimame pale apunge mkono. Mwaka jana mmoja wao, ambaye siku hizi ni mwalimu wilayani Chemba, alinirudishia utani wangu kwa ujumbe wa sauti: "Asalaam alaikum Mwalimu, shikamoo. Mimi niko barabarani tayari. Nipande gari lipi?"

Ana shahada ya kwanza ya ualimu kutoka Morogoro, masomo yake Kiarabu na Kiswahili, na alama zake zinamruhusu kuendelea bila kubembeleza mtu. Anataka uzamili, na baadaye uzamivu kama Mungu akipenda. Alikuja nyumbani Jumamosi tatu mfululizo, tukachambua. Naandika tuliyoyachambua kwa sababu swali lake naulizwa kila mwaka, na majibu ninayosikia mtaani yanahusu jambo moja tu: wapi wanatoa ufadhili. Ufadhili nitaufikia. Lakini kabla yake mtu ajiulize mawili: maandishi nitakayoyasoma yako wapi, na nani atakayenikosoa nikiyasoma vibaya. Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayotenganisha Dodoma na Cairo, na Cairo na London.

Ukibaki nchini, unaingilia mlango wa jirani

Hapa kwetu mtafiti wa Kiarabu mara nyingi huingilia mlango wa somo jingine. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanza mwaka 2007, kina isimu, kina Kiswahili, kina historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake ya taaluma za Kiswahili. Unguja kuna SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Chuo Kikuu Huria kina kituo mpaka hapa Dodoma, na kinamfaa mtu asiyeweza kuacha kazi. Katika vyuo hivyo unaweza kuandika tasnifu ambayo nusu ya kurasa zake ni Kiarabu, lakini cheti kikasomeka "Isimu" au "Kiswahili" au "Historia".

Usilidharau hilo. Siku tangazo la kazi ya uhadhiri wa Kiarabu likitoka, jopo litaanza na jina la shahada kabla halijafungua tasnifu. Nimewahi kumwona mtu anayeshinda usaili wote kwa ulimi na kalamu, akaachwa kwa sababu ya neno moja kwenye cheti. Mwenye Cairo hana tatizo hilo. Cheti chake kinasema nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, au fasihi, au balagha, elimu ya ufasaha, na mjadala umekwisha.

Basi kwa nini mtu abaki? Kwa sababu ya vitu kama hiki.

Miaka michache iliyopita nilifuatana na mjomba wangu kwenda kumjulia hali mzee mmoja Kondoa. Tulipomaliza chai, mzee akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni mwa kitanda. Ndani mlikuwa na kitabu cha maulidi kilichonakiliwa kwa mkono, pembe zake zimeliwa na mchwa, na nyuma yake, kwenye ukurasa uliobaki mtupu, mistari minne ya wino uliogeuka rangi ya kahawia. Herufi za Kiarabu, lugha ya Kiswahili. Mwandishi hakuweka alama za kusomea, yaani fataha, kasra wala dhuma. Nikasogea dirishani.

Lazima nieleze kidogo shida ya kusoma maandishi hayo. Herufi za Kiarabu hazina p, ch, g wala v. Waandishi wetu wa zamani kila mmoja alijitafutia njia: p akaiandika kwa ba, ch kwa shini, g kwa ghaini, v kwa fa, na wengine wakaazima herufi za Kiajemi zenye nukta tatu. Mb nayo mara nyingi ni ba tupu, na nd ni dali tupu. Ukikuta kafu, ba na ta zimekaa pamoja bila alama hizo, una "kapata", una "kapita", una "kupata", una "kupita", una hata "kabati". Sarufi ya Kiarabu uliyoipata madrasa haikusaidii chochote hapo.

Mimi nikasoma kwa kujiamini: "Kapata Kilimatinde." Mjomba akauliza, kapata nini? Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kapita, mjukuu wangu. Kapita Kilimatinde akienda Tabora. Huyo ni baba wa babu yangu."

Kilimatinde iko upande wa Manyoni, mkoani Singida. Misafara ya kutoka pwani ilikatiza Mpwapwa na Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili ipewe maji na njia, ikaendelea Tabora. Yaani ule mstari mmoja ulikuwa na safari nzima ndani yake, na mtu pekee aliyeweza kuusoma sawasawa hakuwa amepita chuo chochote. Alijua tu habari za ukoo wake.

Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusimamiwa na profesa wa Riyadh. Unahitaji msimamizi anayejua Kiswahili cha zamani na historia ya bara. Unahitaji pia miguu yako iwe karibu na sanduku lenyewe. Mwanafunzi wa UDOM atapata barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, kutoka hapo kwenye kata, na ndani ya majuma machache anaruhusiwa kisheria kufanya kazi. Barua hizo zinafungua ofisi. Sanduku linafunguliwa na salamu, na kurudi mara ya pili na ya tatu bila haraka.

Hazina za maandishi nchini si ndogo pia. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambao kazi kubwa ya kuukusanya ilifanywa na J. W. T. Allen, na katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu wa hapa anaondoka asubuhi kwa nauli ya kawaida ya shilingi 31,000, mchana yuko Dar. Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja, zikiwa na hati za Kiarabu za enzi ya masultani. Mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu wa hapo uliingizwa kwenye rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Miaka sita kabla yake, 1997, rejesta hiyohiyo ilipokea kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizoko Dar es Salaam, na Wajerumani hao walipoanza kutawala walilazimika kuandikiana na maakida na majumbe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu.

Kasoro ya kubaki ni upweke. Utakuwa mwanafunzi mmoja wa mada yako, labda chuo kizima. Msimamizi wako atakuwa hodari wa isimu lakini akifika kwenye kifungu cha Kiarabu atakuambia, "hapo nakuamini wewe." Neno hilo linapendeza sikioni, lakini ni hatari. Mtafiti anayeaminiwa pasipo kukaguliwa ataiharibu tasnifu yake kwa amani kabisa.

Cairo: hapo utakaguliwa mpaka herufi ya mwisho

Azhar imekuwepo tangu karne ya 10. Chuo cha Dar al-Ulum kilianza mwaka 1872, na Chuo Kikuu cha Cairo mwaka 1908. Maktaba ya taifa, Dar al-Kutub, ni ya mwaka 1870. Baraza la Lugha ya Kiarabu la Misri lilianzishwa mwaka 1932, na taasisi ya miswada ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu mwaka 1946. Vyote hivyo viko ndani ya jiji moja. Mtu anayeipenda nahau kama wengine wanavyopenda mpira hana haja ya kuuliza mara mbili.

Kazi inayofundishwa vizuri huko ni tahakiki ya miswada, wenyewe wanaiita tahqiq. Unachagua kitabu cha mwanachuoni wa zamani ambacho hakijachapishwa au kilichapishwa ovyo. Unatafuta nakala zake zote za mkono popote zilipo, iwe Dar al-Kutub au Istanbul kwenye maktaba ya Süleymaniye. Unachagua moja iwe nakala mama. Unainakili neno kwa neno, na kila mahali nakala nyingine inapotofautiana unaandika chini ya ukurasa. Kila aya, hadithi na ubeti unautafutia asili yake. Mwisho unaandika utangulizi juu ya mwandishi na zama zake, kisha faharasa. Ni kazi ya kuumiza macho, na anayeimaliza hasomi tena Kiarabu kama alivyokuwa akikisoma.

Mfumo wao una mwaka wa maandalizi, tamhidi, wenye masomo na mitihani kabla hujaruhusiwa kusajili mada ya uzamili. Azhar wana majina yao: uzamili huuita takhasusi na uzamivu alimia. Kusajili mada kunakwenda kwa vikao, na kikao kikiahirishwa nawe umeahirishwa. Utetezi wa tasnifu ni hadharani. Ndugu wanakuja, marafiki wanakuja, wasahihishaji wanafungua tasnifu na kuanza: ukurasa wa 14, mstari wa tatu, hapa umeweka dhuma, kwa nini? Ukisoma muhtasari wako na kukosea irabu, hawakuachi upite.

Hiyo "irabu" nayo ina kisa. Kwetu ni a, e, i, o, u. Huko ni mabadiliko ya mwisho wa neno kufuata nafasi yake katika sentensi. Neno lilivuka bahari likabadilisha kazi. Na mkate Misri si khubzi, ni "eishi", mzizi uleule uliotupa sisi "kuishi" na "maisha". Mwanafunzi wetu anayetua na Kiarabu fasaha cha madrasa hukesha wiki ya kwanza akijua kuwaeleza watu tofauti ya hali na tamyizi, istilahi mbili za nahau, lakini hajui kununua mkate. Mwingine huiona adha. Mimi naona ndipo mada za utafiti zinapozaliwa. Maneno ya Kiarabu yaliyopita Kiswahili yakaingia Kigogo na Kirangi yamebadilika vipi tena njiani? Swali kama hilo la isimu linahitaji Cairo kidogo na Kondoa sana.

Nafasi za Azhar kwa wageni zina ufadhili na bweni, na kina dada wana vitivo vyao. Vyuo vingine vya serikali hupokea wageni kwa ada inayotajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo usisikie "Misri maisha rahisi" ukadhani na ada ni rahisi. Chakula na chumba vinaweza kuwa nafuu, ada haina undugu.

Saudia, na waliokuwa Khartoum

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa mwaka 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa kutoka nje hasa, na kwa ukarimu wa ufadhili ni vyuo vichache vinavyokifikia: nauli, malazi na posho ya mwezi. Kwa miaka mingi kilikuwa cha wanaume. Dada anayelenga Saudia atazame Riyadh kwenye Chuo Kikuu cha Princess Nourah, ambacho ni cha wanawake na kina taasisi ya kufundisha Kiarabu kwa wageni. Chuo cha Mfalme Saud hapohapo Riyadh kina taasisi ya isimu ya Kiarabu. Angalia umri mapema. Ufadhili wa Saudia kwa kawaida huweka mwisho wa miaka 30 kwa uzamili na 35 kwa uzamivu, na kuna watu wanaosubiri "mambo yakae sawa" mpaka wanavuka mstari.

Kwa maoni yangu, jambo bora la kusoma Saudia kwa mwalimu wa Tanzania ni ufundishaji wa Kiarabu kwa wasio wenyeji wa lugha. Wamelifanyia kazi kwa muda mrefu, wana vitabu, wana maabara. Nasi mahitaji yapo: Kiarabu kinatahiniwa kidato cha nne, na mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zilipoongezwa hadi 65, Kiarabu kilikuwemo kwenye zile za lugha. Mwalimu anayerudi akijua kwa nini mtoto wa Kigogo anashindwa kutofautisha ha na kha, na afanye nini, ana thamani kuliko mwenzake aliyehakiki kitabu kisichosomwa. Najua wenzangu wa tahqiq hawatanipenda kwa sentensi hiyo.

Lakini mada za tarika, yaani njia za Kisufi, na maulidi usizipeleke huko ukitegemea shangwe. Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, ndiye anayetajwa zaidi katika kuenea kwa tarika ya Kadiria Afrika Mashariki, na kasida na ijaza, yaani hati za idhini, za watu wake zimetapakaa mpaka bara. Ni utajiri mtupu wa utafiti. Mlango wake wa Saudia ni mwembamba, basi peleka mada nyingine huko na hii ipeleke kwingine.

Khartoum, Sudan, zamani ilikuwa jibu la wengi kati yetu. Chuo cha Kimataifa cha Afrika kilijaa Waafrika Mashariki, na taasisi ya Kiarabu ya Khartoum iliyoanzishwa mwaka 1974 iliwatoa walimu hodari wa kufundisha wageni. Vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 vilikatisha hayo, na Watanzania walirejeshwa nyumbani, wengi wao wanafunzi. Anayeuliza leo nampeleka Mbale, Uganda: chuo cha Kiislamu cha huko cha mwaka 1988 kina kitivo chenye Kiarabu, viza huhitaji, na basi linafika. Mwenye Kiarabu imara na Kiingereza kinachoeleweka ajaribu Doha, kwenye taasisi ya masomo ya juu iliyofunguliwa mwaka 2015. Wanafundisha kwa Kiarabu na wana isimu na elimu ya kamusi.

Ulaya, au swali lisilokuacha ulale

Leiden, Uholanzi, ina kiti cha uprofesa wa Kiarabu tangu mwaka 1613. London kuna SOAS ya mwaka 1916, ambayo maktaba yake ina miswada ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu, sehemu yake ikiwa mtandaoni. Ujerumani, Hamburg kuna kituo kizima cha utamaduni wa miswada, ambako karatasi, wino na jalada vinachunguzwa kama vile maneno yenyewe.

Inauma kidogo kwenda London kusoma barua iliyoandikwa na mtu wa Lamu. Tukubali tu kwamba imehifadhiwa.

Tofauti ya Ulaya na Cairo unaiona siku ya kwanza mbele ya msimamizi. Wa Cairo atakuuliza umesoma nini. Wa Leiden atakuuliza swali lako ni lipi, na ukimwambia "nataka kuandika juu ya nahau ya fulani" atarudia: naam, lakini swali lako ni lipi? Mtu wetu aliyelelewa kwa kuhifadhi matini huona kama anadharauliwa. Kumbe anaambiwa kwamba kujua si kutafiti. Upande wa pili, mwanafunzi huyohuyo akikaa na wenzake wa Kizungu kusoma ukurasa wa Kiarabu, atawaacha mbali. Udhaifu wake utakuwa Kiingereza cha kuandika. Tasnifu ya uzamivu SOAS inaweza kufika maneno 100,000, na Kiingereza cha kuombea kazi hakitoshi.

Utetezi nao ni tofauti kabisa. Uingereza wanafunga mlango, wewe na wasahihishaji, hakuna shangazi wala juisi.

Fedha za Ulaya ndizo zinazowatisha wengi, na wana haki. Chuo cha Ujerumani kinaweza kisikudai ada, lakini ubalozi utataka kuona akaunti iliyofungiwa yenye euro 11,904 za mwaka mmoja, kiwango kilichowekwa mwaka 2024, kama huna ufadhili. Uingereza kuna ufadhili wa Chevening, wa uzamili wa mwaka mmoja. Unataka uwe umefanya kazi saa 2,800, ambazo mwalimu aliyefundisha miaka miwili anazo, na unakufunga urudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza. Kuna pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaofika mpaka uzamivu. Nimeona walimu wengi wa Kiarabu hawaombi kabisa, wakidhani hivyo ni vya watu wa uchumi na afya. Omba. Mada ya kuokoa miswada inayoliwa na mchwa Kondoa ni rahisi kumweleza mtu wa London kuliko unavyofikiri.

Mambo ya makaratasi

Mtumishi wa umma asiondoke bila barua ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wake. Kwa mwalimu wa halmashauri, mwajiri ni mkurugenzi, si mkuu wa shule aliyekupigia makofi kwenye kikao. Ukiondoka kwa furaha ya viza, kwenye faili utaandikwa mtoro kazini, na mshahara ukisimama familia ndiyo inayojua.

Ukirudi na shahada ya nje, inapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe. Hapo angalia jina lako tangu siku ya kwanza ya usajili. Wamisri hutamka jimu kama g, na wakiandika majina kwa herufi za Kilatini hawaulizi pasipoti yako ilisemaje. Mtu aliyeondoka Dodoma akiitwa Juma anaweza kurudi na shahada ya Gomaa. Ramadhani anakuwa Ramadan, Othumani anakuwa Osman. Rafiki yangu mmoja alizungushwa karibu miezi minane na ofisi ambayo sitaitaja, akiulizwa huyu Gomaa ni nani na cheti chake umekipata wapi, mpaka akaapa kiapo cha majina kwa wakili na kuomba barua ya chuo iliyochukua miezi mingine. Ukifika dirisha la usajili, weka pasipoti mezani, nyosha kidole kwenye jina, na usiondoke mpaka waliandike vilevile. Na tafsiri ya vyeti vya Kiarabu ifanyike na mtafsiri anayekubalika, kabla hujapanda ndege kama inawezekana.

Nilivyomshauri

Angekuwa kijana wa miaka 24, hana mke, anazijua matini za nahau kwa moyo na macho yanamwaka akisikia jina la Sibawaihi, bingwa wa kale wa nahau, ningemwambia Cairo na tusipotezeane muda. Angekuwa mwalimu anayetaka kufundisha vizuri zaidi na kurudi darasani, Riyadh. Angekuwa mtu wa maswali, Kiingereza chake kizuri na hatishwi na baridi, aanze na Chevening.

Yeye alipokuja Jumamosi ya pili alikuwa na simu mkononi yenye picha kumi na moja. Nyumba ya jirani na kwao, kitabu kilichoachwa na marehemu, pembeni mwake kumeandikwa hesabu za mbuzi na majina ya watoto na siku walizozaliwa. Kiswahili tupu, herufi za Kiarabu, na maneno mawili matatu ambayo si Kiswahili wala Kiarabu. Tukahisi ni Kirangi. Kirangi kwa herufi za Kiarabu, hiyo mimi sijawahi kuiona.

Nikamwambia abaki kwa uzamili, hapahapa UDOM, kwa mlango wa isimu. Cheti hakitasema Kiarabu, na hilo linaweza kumgharimu, sikumficha. Lakini uzamivu wake ataupeleka Cairo au Hamburg akiwa na kitu mkononi ambacho wao hawana, na huko jina la shahada litajirekebisha. Tukakubaliana pia kuhusu ule upweke. Atatafuta msimamizi wa pili, Unguja au popote, mtu wa Kiarabu hasa, wa kumkatalia. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na mama akisema niende Misri kwa sababu mtoto wa jirani ameenda?"

"Mwambie mama aje anione," nikamjibu. Mama hajaja bado.

Barua ya wilaya ilimfikia Jumanne. Kitabu chenyewe hakijaguswa tena, maana mwenye nyumba yuko shambani anavuna alizeti na ufunguo wa sanduku amekwenda nao.